Minara ya Rashidi

Mwezi uliopita tulimzika Injinia Mhina pale Korogwe, na kwenye msiba wake ndipo nilipomwona kwa mara ya kwanza mtu ambaye niliwahi kufanya naye kazi mwaka mzima. Nilikuwa nimekaa chini ya turubai, nimeshika sahani ya pilau niliyoletewa, nikasikia sauti nyuma yangu ikimuuliza mtu choo kiko wapi. Niligeuka kabla sijajua kwa nini nageuka. Sauti ile niliizoea kuisikia kwenye spika za kompyuta, ikikwaruza, ikikatika, ikirudi. Mwenyewe alikuwa mfupi, mvi zimemjaa kidevuni, koti la suti amelikunja mkononi. "Injinia Wafula," nikasema. Akaniangalia kwa muda, hakunitambua, angenitambuaje? "Ni mimi, Zaina. Wa ofisi ya Mhina." Akasahau habari ya choo. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema amesafiri kutoka Kisumu kuja kumzika mzee ambaye hakuwahi kukutana naye, na kwamba kule kwao akiwafundisha vijana kazi huwasimulia habari za msichana mmoja wa Korogwe aliyewanyamazisha wakubwa wote kwenye kikao. Nilicheka kidogo, kwa adabu. Msichana yule namkumbuka vizuri, ila namkumbuka kama mtu niliyemtazama kupitia dirishani.

Ofisi ya Mhina ilikuwa ghorofani, juu ya duka la vifaa vya ujenzi, upande wa reli. Ukipanda ngazi unapishana na harufu ya rangi na saruji, kisha unaingia kwenye chumba kirefu chenye meza tatu, feni moja iliyokuwa ikizunguka huku ikilia, na dirisha linalotazama mapaa ya mabati hadi kwenye milima ya Usambara. Meza ya Mhina ilikuwa karibu na mlango ili wateja wasitupite. Mbili za ndani zilikuwa za Rashidi na mimi, zimegusana, kiasi kwamba akiegemea meza yake kikombe changu cha chai kinatikisika. Wote wawili tulikuwa na stashahada ya ujenzi, wote tulikuwa hatujafikisha miaka ishirini na mitano, na wote tulikuwa tunachora majengo ya watu: vyumba vya kupangisha, zahanati, banda la mashine ya kusaga. Mchana tulikuwa tunaletewa wali na maharage na mama mmoja aliyepika nyuma ya duka, Mama Chausiku, ambaye alikuwa akimwekea Rashidi mchicha mwingi kwa sababu, alisema, kijana huyu akipigwa na upepo ataanguka. Rashidi alikuwa anausukumia mchicha ule kwenye sahani yangu bila kuacha kuongea.

Kazi ya daraja ilikuja mwaka ule. Huko Magoma kulikuwa na mto ambao mvua zikinyesha uliwatenga watu na mashamba yao, na watoto na shule yao, na kikundi kimoja cha wahandisi wa nje kilikuwa kimekubali kusaidia kujenga daraja la waenda kwa miguu, lile la kuning'inia kwa kamba za chuma katikati ya minara miwili. Sharti lao lilikuwa moja. Usanifu wote ufanyike wazi, kwenye mtandao, ili wenzetu popote walipo waweze kuukagua. Kabla ya hapo michoro yetu ilikuwa karatasi. Ilikunjwa, ikatiwa kwenye bomba la plastiki, ikapakiwa kwenye basi la Tanga, na ikirudi ina mistari ya kalamu nyekundu. Sasa tulichora daraja zima kama kitu cha kushikika, tukalipandisha mtandaoni, tukawatumia wenzetu kiungo, na mtu akikibofya huko aliko daraja linajitokeza mbele yake. Analizungusha, analipasua katikati aone ndani, anapima urefu wa nguzo, na akiona jambo analibandika pale pale: nukta nyekundu juu ya chuma, na ndani ya nukta maneno yake. Ukimjibu akaridhika, nukta inageuka kijani. Siku ya kwanza tulipolifungulia, daraja letu lilijaa nukta nyekundu kama mtoto mwenye surua. "Hii," Rashidi alisema, "ni kupika huku wageni wamekaa nawe jikoni."

Wageni wenyewe walikuwa wachache. Kulikuwa na Bi Ursula, Mswisi, aliyekuwa kiongozi wa kile kikundi, mtu wa maneno machache. Na kulikuwa na Wafula, aliyejitolea kukagua minara na misingi, na ambaye nukta zake nyingine alikuwa akiziandika kwa Kiswahili kwa ajili yetu. Kiswahili cha Wafula kilikuwa kinamchekesha sana Rashidi. "Hiyo mnara iko na shida kidogo," angesoma kwa sauti, kisha anaijibu kwa heshima zote, shikamoo injinia, na anasahihisha. Minara ilikuwa kazi ya Rashidi. Mimi nilikuwa na kamba, sakafu ya mbao na vyuma vya kushikilia. Kila siku kabla ya kula tulipandisha toleo jipya, na Rashidi alikuwa hataki kabisa nipandishe kazi nisiyokuwa na hakika nayo. Alisema mtu wa Kisumu hawezi kuona uso wangu nikisitasita, anaona chuma tu.

Sitaandika mengi juu ya Rashidi na mimi, kwa sababu hayakuwa mengi kwa macho ya watu. Tulikubaliana kuoana. Aliniambia kwenye ngazi zile, mikono yake imeshika mabomba ya michoro ya zamani tuliyokuwa tunaiteremsha, kwamba mvua zikipita na daraja likipitishwa atawatuma wazee wake walete posa. "Usimwambie mtu kwanza," akasema. "Mama yangu akijua leo, kesho Kwedizinga nzima wanachagua mbuzi." Nikasema sawa. Sikuwa na haraka. Nilikuwa namwona kila siku tangu asubuhi hadi jioni, kikombe changu kikitikisika, na sikuona kitu ambacho posa ingeniongezea.

Alikwenda kwao Kwedizinga mwisho wa juma, kama alivyokuwa akienda. Jumatatu asubuhi hakuwa amefika. Nilikuwa namjibu Bi Ursula swali juu ya vyuma vya kushikilia, na Injinia Mhina alikuwa nje kwenye ngazi anaongea na simu, na kwa vile mlango ulikuwa wazi nilimsikia akisema, "Ndiyo, ni kijana wangu. Kijana wangu wa michoro." Kimya. "Pikipiki?" Kimya tena, kirefu. "Lori lenyewe lilikuwa limeharibikia kwenye kona?" Kisha akasema inna lillahi, yeye Mkristo, kwa sababu aliyekuwa upande wa pili alikuwa Mwislamu na mzee hakujua aseme nini kingine. Nilielewa yote. Nakumbuka kwamba nilikuwa katikati ya sentensi, na kwamba niliimaliza. Niliandika kimo cha chuma cha juu, nikaweka nukta, nikaisoma tena kuona kama Kiingereza changu kiko sawa, nikaituma. Mhina alipoingia na kusimama mbele ya meza yangu, mikono imening'inia, nilimwambia, "Nimesikia, mzee."

Tulifika Kwedizinga wakati maiti inatolewa. Wanaume waliondoka nayo, na sisi wanawake tukabaki. Nilimsalimia mama yake, Bi Mwanahawa, aliyekuwa amekaa kwenye mkeka ukutani, khanga kichwani, macho yakitazama mahali pasipo na mtu. Nilijitambulisha kuwa nafanya kazi na Rashidi. Akaniitikia, marahaba mwanangu, mkono wake mkavu ukapita kwenye wangu. Wageni wa kutoka kazini wana nafasi yao kwenye msiba: wanapewa chai, wanapewa kiti, wanasubiriwa waondoke. Sikutaka kiti. Nikaenda nyuma ya nyumba nikaanza kusugua masufuria kwa majivu pamoja na wanawake wa pale, na hakuna aliyenizuia, kwani mikono ilikuwa inahitajika. Walikuwa wanaongea kwa Kizigua na Kiswahili. Mmoja akasema masikini, hakuacha hata mtoto. Mwingine akasema, mtoto atoke wapi, hata mchumba hakuwa naye. Yule wa kwanza akaninyooshea sufuria jingine. Nikalisugua. Mke angekaa eda, angevuliwa mapambo, watu wangejua wamwambie nini. Mimi nilikuwa mtu wa ofisini anayejua kuosha vyombo. Hakuna aliyenipa pole, na sikuweza kumlaumu mtu.

Watu wanadhani huzuni ni kulia. Yangu ilikuwa kama mguu ulioukalia vibaya: unaugusa na ni kama mguu wa mtu mwingine. Wali wa Mama Chausiku uligeuka kuwa kitu cha moto na laini, basi. Yeye mwenyewe alilia kila alipoleta sahani moja badala ya mbili, nami nilisimama nikamshika bega, nikimbembeleza kwa msiba wangu mwenyewe. Kisha nikakaa nikafungua daraja. Ninavyoona sasa, nikiwa mwalimu wa uchoraji wa majengo na nimesahihisha kazi za vijana wengi, mwaka ule nilifanya kazi safi kuliko mwaka wowote wa maisha yangu. Sikukosea kitu. Hakukuwa na kitu ndani yangu cha kunikosesha.

Nilipofungua daraja siku ya kwanza baada ya maziko, nilikuta nukta mpya ya Wafula juu ya mnara wa upande wa Magoma. Alikuwa hajaambiwa. "Rashidi ndugu yangu, hii mnara imeegemea ama ni macho yangu yamezeeka?" Nikauzungusha mnara, nikaupima. Nikamwandikia: "Rashidi amefariki Jumapili kwa ajali. Mnara umeegemea kidogo kwa makusudi, kuelekea nyuma, ili kamba zikikazwa usimame wima. Nitaongeza maelezo kwenye mchoro." Simu ya ofisi ikalia muda si mrefu. Mhina hakuwepo, nikapokea mimi. "Dada," Wafula alisema. Nilisikia anavuta pumzi. Nikamuuliza kama anataka nimchoree pia sehemu ya chini ya nguzo ionekane vizuri. "Wacha mambo ya nguzo," akasema. "Wewe uko sawa?" Nikamwambia niko sawa. Akasema tena, taratibu, "Sikuulizi kama mhandisi." Nikamjibu kwamba kuna mtu mlangoni, nikakata simu. Mlangoni hakukuwa na mtu.

Kitu ambacho sikukitegemea ni kwamba kwenye lile daraja Rashidi alikuwa bado yupo. Ukibofya kipande chochote cha mnara, pembeni kinajitokeza kisanduku: aina ya chuma, unene, na jina la aliyekichora. Rashidi. Rashidi. Rashidi. Ngazi za ukingo wa pili, Rashidi. Kwenye orodha ya watu wanaoshiriki jina lake lilikuwa pale, na kiduara cha kijivu kinachoonyesha kwamba mtu hayupo kwa sasa. Sikuwa nabofya kwa kulia wala kwa kumkumbuka. Nilikuwa nabofya tu, kama mtu anayepapasa ukuta akitembea. Ilikwenda hivyo hadi karibu na mwezi wa Ramadhani, ndipo Injinia Mhina alipokuja kukaa kwenye kiti cha Rashidi, ambacho hakuna aliyekikalia tangu siku ile, akasema, "Mwanangu, Bi Ursula anataka kumwingiza mtaalamu wa udongo, na nafasi zetu zimejaa." Akakuna shingo. "Kuna akaunti moja haitumiki." Nikasema, "Nitaitoa, mzee." Alishukuru akaondoka upesi. Nikaingia kwenye orodha, nikachagua jina. Mtandao hauna roho mbaya wala nzuri. Uliniuliza tu, mtu huyu akiondolewa kazi zake apewe nani? Kulikuwa na majina yetu yote. Nikachagua langu. Nikabofya mnara wa Magoma, na kwenye kisanduku, chini ya unene wa chuma, pakawa pameandikwa Zaina.

Kikao cha mwisho cha ukaguzi kilifanyika mvua zikiwa zimeanza. Mabati ya jirani yalikuwa yanapiga kelele hadi Mhina akafunga dirisha. Tulikaa yeye na mimi mbele ya kompyuta moja, na kwenye kioo wakajaa wengine: Bi Ursula na chumba chake cheupe, mtaalamu wa udongo, Wafula aliyezima kamera yake kama kawaida kwa sababu mtandao wake ulikuwa dhaifu. Tulilipitia daraja kipande kwa kipande. Nukta zote zilikuwa za kijani. Tulipofika kwenye minara Bi Ursula aliizungusha polepole, akaipasua, akatazama ndani, akasema kwa sauti yake isiyopanda wala kushuka kwamba ameona madaraja mengi na ni mara chache kukuta minara iliyofikiriwa kwa usafi namna hii. "Hongera, Zaina."

"Si yangu," nikasema.

Mhina akakohoa. "Anamaanisha ni kazi ya ofisi yetu nzima," akasema.

"Simaanishi hivyo." Nilikuwa naongea Kiingereza, na sikuwa natetemeka, sikuwa na hasira. Nilikuwa natamka kitu kilicho wazi, kama kimo cha chuma. "Minara yote miwili na ngazi za ukingo wa pili amezichora Rashidi. Amekufa. Tulipoondoa akaunti yake kazi zake ziliandikwa jina langu. Naomba jina lake lirudi kwenye kila kipande, na liwe kwenye michoro itakayopelekwa kwa wajenzi. La sivyo, na langu litolewe lote, daraja lijengwe bila mchoraji."

Mtaalamu wa udongo aliinamisha uso kwenye karatasi zake. Mhina alinyoosha kidole akazima sauti yetu upande wa huku, akanigeukia. "Zaina. Michoro inataka mtu wa kuulizwa. Likitokea jambo, marehemu haulizwi."

"Niulizeni mimi," nikasema. "Nitajibu kila swali la minara hadi nife. Lakini aliyeichora ni yeye."

Aliniangalia, na naamini kwamba pale ndipo lilipomjia wazo ambalo halijawahi kumjia, kwa sababu sauti yake ilibadilika. "Mwanangu, Rashidi alikuwa nani wako?"

"Mwenzangu wa kazi, mzee."

Kwenye spika Wafula alikuwa anaongea. Alikuwa anasema kwa Kiingereza kwamba jambo hili si gumu, kwenye kona ya mchoro pawe na mistari miwili, aliyechora na anayewajibika, naye mwenyewe hatatia saini yake ya ukaguzi mahali ambapo mstari wa kwanza una uongo. Bi Ursula akasema sawa, wafanye hivyo. Mhina akafungua sauti akasema, na sisi tumekubali. Jioni ile nilirudisha jina, kipande kimoja kimoja, kwa kuandika kwa mkono, kwa kuwa mtandao haukuwa na njia ya mkato ya kumrudisha mtu.

Daraja lilijengwa kiangazi kilichofuata. Nilikwenda Magoma siku ya kulifungua, nikasikiliza hotuba, nikavuka nikarudi. Minara ilisimama wima. Wanawake walipita na ndoo na mafungu ya kuni wakicheka jinsi sakafu inavyocheza, na mimi nilikuwa naangalia misumari. Nilitarajia kwamba siku ile kitu kingefunguka ndani yangu. Hakikufunguka. Wiki iliyofuata nikachukua nakala ya mchoro wenye jina lake, nikapanda bodaboda hadi Kwedizinga, kwa sababu niliona ni haki ya mama yake kuwa nayo.

Bi Mwanahawa alikuwa anapepeta kunde uani. Alinipokea, akanipa kigoda, akautandaza mchoro kwenye magoti. Alisoma jina la mwanawe kwa kidole, akauliza mnara ni upi, kamba ni zipi, watu wanapita wapi. Nikamweleza. Akaukunja vizuri, akaupeleka ndani, akarudi kwenye ungo wake.

"Siku ya msiba uliosha masufuria," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Mgeni wa ofisini haoshi masufuria." Alipuliza makapi. "Ulikuwa unaolewa na mwanangu?"

Sikuwa nimewahi kulisema kwa mtu yeyote. Nilidhani litakuwa zito mdomoni. "Ndiyo," nikasema.

Aliendelea kupepeta hadi kunde zikawa safi. Kisha akaweka ungo chini, akaingia ndani, akatoka na khanga iliyokuwa bado ina mikunjo ya sandukuni, akanifunga kichwani yeye mwenyewe, akinikaza kidogo kwenye masikio. "Twende," akasema. Nikamfuata bila kujua tunakwenda wapi. Alinipeleka nyumba ya jirani, akapiga hodi, na mwanamke alipotoka akamwambia, "Huyu ni mkwe wangu. Mke wa Rashidi alikuwa awe huyu. Msibani tulikuwa naye na hatukumjua." Mwanamke yule akaziba mdomo. Nilimtambua, tulisugua sufuria moja. "Pole, mwanangu," akasema. "Pole sana." Tukatoka tukaenda nyumba ya pili, na ya baada yake, njia ya mashamba ya mihogo, Bi Mwanahawa mbele, mimi nyuma, na kila mlango alisema maneno yale yale, hakupunguza wala kuongeza, na kila mlango nikapewa pole. Wengine walinishika mkono. Mmoja alianza kulia upya. Mimi nilikuwa naitikia asante, asante, kama mtu anayepokea vitu asivyojua atavibebaje.

Nyumba ya mwisho alikuwepo baba mmoja mtu mzima, masikio mazito, amekaa barazani anasuka kamba. Ilibidi Bi Mwanahawa arudie kwa sauti kubwa. Mzee akaelewa, akaacha kamba yake, akanitazama. "Shikamoo, mzee," nikasema. "Marahaba. Pole na msiba, mwanangu." Kwetu mtu akipewa pole anajibu nimeshapoa. Ni neno la adabu tu, watu hulisema hata machozi yakiwatoka. Nilifungua mdomo nilitamke, na halikutoka. Nikahisi miguu yangu, vumbi kwenye vidole, khanga inayobana masikio.

"Bado, mzee," nikasema.

Akasogeza kamba zake upande, akanipisha nikae.